Milima Asubuhi, Bahari Jioni: Njia za Baiskeli za Nice na Menton

Inapofika Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, milima ya Alpi haiachi tambarare yoyote ya maana kati yake na bahari. Kutoka Promenade des Anglais, barabara maarufu ya ufukweni, hadi Cime du Gélas, kilele chenye urefu wa mita 3,143 kwenye mpaka wa Ufaransa na Italia, ni takriban kilomita 50 tu kwa mstari ulionyooka. Ndani ya masafa hayo mwendesha baiskeli huondoka chini ya mitende ya ufukweni, akapita kwenye mizaituni, kisha mialoni, kisha misonobari, na miezi ya baridi akakuta theluji kando ya lami, yote hayo kabla ya chakula cha mchana.

Kazi ndiyo iliyonileta katika mji huu, lakini baiskeli ndiyo iliyonifundisha nchi yenyewe. Ndugu na marafiki wanaopita hapa, wengine kutoka Mombasa na Dar es Salaam, wengine waliokwisha kuhamia Ujerumani au Uholanzi, huniuliza swali moja: tupite wapi? Mara nyingi huwa wameshajijibu, kwa sababu picha walizoziona ni za bahari, na barabara wanayoitamani ni ile inayofuata maji kutoka Nice hadi Monaco na Menton. Jibu langu halijabadilika. Panda milima kwanza, asubuhi, wakati miguu ina nguvu na kivuli kingalipo. Bahari iwe ya kurudia. Anayeanza na bahari hutumia saa zake bora akivuta moshi wa magari kwenye taa za barabarani, na anapogeuka kuitazama milima, jua limeshakuwa kali na hamu imemwishia. Anayeanza na milima huishukia bahari kutoka juu, akaiona yote kabla hajaifikia.

Kati ya Nice na Menton zipo barabara tatu zinazokwenda sambamba, moja juu ya nyingine, na ni vyema kuzijua kabla ya kukanyaga pedali. Ya chini, Basse Corniche, inafuata ukingo wa bahari kupitia Villefranche-sur-Mer, Beaulieu na Monaco, na mpaka Menton urefu wake ni kama kilomita 30. Ya kati, Moyenne Corniche, ina mahandaki na magari yaendayo kasi, nami simshauri mwendesha baiskeli yeyote kuitumia kwa masafa marefu. Ya juu, Grande Corniche, ni kazi ya enzi za Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa sehemu inafuata njia ya kale ya Warumi iliyoitwa Via Julia Augusta. Hiyo ndiyo barabara ya baiskeli. Inapanda kutoka mitaa ya mashariki ya Nice hadi Col d'Èze (col ni mahali barabara inapovuka mlima), mita 507 juu ya usawa wa bahari, kisha inafika La Turbie, ambako bado limesimama gofu la mnara wa Kaisari Augusto, uliojengwa takriban mwaka wa 6 kabla ya Kristo kuadhimisha ushindi wa majeshi yake dhidi ya makabila ya Alpi. Maandishi ya mnara huo yaliorodhesha majina ya makabila zaidi ya 40 yaliyoshindwa, na kila ninapopita chini yake hujiuliza ni mangapi kati yao yaliyokuwa na kosa jingine mbele ya Roma zaidi ya kuishi kwenye njia iliyotakiwa.

Hata hivyo, njia ninayoipenda kuliko zote haianzi upande huo. Inaanza nyuma ya mji, kwenye bonde la mto Paillon, na mwanzo wake hauvutii hata kidogo: gereji, maghala, viwanda vya saruji, malori. Vumilia. Kadiri unavyopanda, bonde linabana, kelele zinapungua, matuta yenye kuta za mawe yanaanza kuonekana kwenye miteremko, kila tuta na safu yake ya mizaituni, na unapofika L'Escarène, yapata kilomita 20 kutoka baharini, magari mengi yameshageukia kwingine na sauti unayoisikia ni ya mnyororo wako mwenyewe.

Hii ilikuwa njia ya chumvi. Eneo la Nice lilikuwa chini ya watawala wa nasaba ya Savoy mpaka mwaka 1860 lilipoingizwa Ufaransa, na makao ya watawala hao yalikuwa Torino, upande wa pili wa Alpi. Chumvi kutoka pwani ilibebwa na misafara ya nyumbu kupitia L'Escarène, Sospel na Tende hadi Piedmont, na katika karne ya 18 njia ikapanuliwa ili magari ya farasi yaweze kupita. Mnyama mwenye mzigo hawezi kupandishwa ukuta. Anahitaji mwinuko wa taratibu usiobadilika ghafla, na kona pana za kumpumzisha, na mahitaji hayo ndiyo hasa mahitaji ya miguu ya binadamu juu ya baiskeli. Ndiyo maana Col de Braus, yenye urefu wa mita 1,002, hupandika bila kumvunja mtu: kilomita kama 10 kutoka L'Escarène, kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 6 na ushei. Linganisha na vijia vilivyochongwa juzijuzi karibu na bahari kwa ajili ya nyumba za matajiri, ambavyo hukabili mlima moja kwa moja kwa sababu vilitengenezwa kwa ajili ya injini. Nimejifunza kuitafuta njia ya nyumbu popote ninapokwenda katika milima hii, na haijawahi kuniangusha.

Baada ya kijiji cha Touët-de-l'Escarène kona zinaanza kujikunja. Hapo barabara hujirudia juu yake yenyewe, tabaka kwa tabaka, kiasi kwamba aliyekutangulia kwa dakika kadhaa unamsikia akibadilisha gia juu ya kichwa chako. Kuta zinazoishikilia lami zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji, na kwenye nyufa zake humea zaatari. Asubuhi kuta hizo huwa bado zina ubaridi wa usiku. Ukipita karibu nazo unausikia ubaridi huo ubavuni, na harufu ya zaatari inakuja pamoja nao. Mimi hupanda kwa gia nyepesi kuliko ninavyohitaji, mikono ikiwa juu ya usukani, wala sihangaiki na kasi. Mlima wa asilimia 6 humlipa anayepanda kwa pumzi moja iliyo sawasawa, na humwadhibu anayetaka kuumaliza kwa haraka.

Karibu na kilele lipo jiwe la kumbukumbu la René Vietto, naye anastahili kusimamiwa kidogo. Alizaliwa mwaka 1914 karibu na Cannes, akafanya kazi ya utumishi hotelini, na mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 20, akaingia Tour de France kwa mara ya kwanza. Katika hatua ya Nice hadi Cannes, iliyopita kwenye milima hii hii aliyoijua tangu ujana wake, alishinda. Kisha mashindano yakahamia Pyrenees, na huko kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, akaharibikiwa na gurudumu. Vietto alimpa lake, akabaki kando ya barabara akisubiri msaada huku wapinzani wakipita. Siku iliyofuata aligeuka na kurudi nyuma kumsaidia Magne tena. Magne alishinda Tour ya mwaka ule. Vietto alimaliza wa tano na kutwaa taji la mpandaji bora wa milima. Ufaransa nzima ilimpenda kwa kile alichokitoa, na mtu anayefika kwenye jiwe hili akiwa ameupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe anaelewa kwa nini walichagua kumkumbuka hapa badala ya kwenye uwanja wa mji.

Kutoka Braus unashuka hadi Sospel, mji mdogo kwenye mto Bévéra, wenye daraja la kale la mawe lililo na mnara katikati, ambako wasafirishaji wa chumvi walilipa ushuru. Daraja lililipuliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, likajengwa upya baadaye. Hapa ndipo pa kujaza maji. Vijiji vya milima hii vina chemchemi zenye birika la mawe na mdomo wa chuma unaotoa maji mchana kutwa, lakini isome ile bamba ndogo iliyopigiliwa ukutani: ikiandikwa «eau potable», kunywa bila wasiwasi, ikiandikwa «eau non potable», nawa uso tu na uende zako. Duka la mikate ndilo hoteli yangu. Mikate na vipande vya keki ya malimau hutosha, kwa sababu mlo mzito katikati ya milima miwili hugeuka kuwa mzigo.

Mlima wa pili ni Col de Castillon, mita 706, nao ni mfupi na mpole. Kijiji cha Castillon kilibomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1887, kikajengwa, kikabomolewa tena na vita mwaka 1944, kikajengwa tena mahali pengine. Ukishalipita eneo hilo, barabara inaanza kushuka kwenye bonde la Carei kuelekea Menton, ikipita karibu na daraja refu lililopinda, Viaduc du Caramel, ambalo tramu ya Menton na Sospel ililitumia hadi mwaka 1931. Kisha hewa inabadilika. Joto linarudi, michungwa na milimau inaonekana nyuma ya kuta za bustani, na bahari inajitokeza kwenye mwanya wa bonde. Malimau ya Menton yana jina kubwa, na kila Februari mji huyafanyia sherehe ambayo ilianza katika miaka ya 1930.

Nimeeleza mzunguko huu kwa mwelekeo wa Nice, Braus, Sospel, Castillon, Menton na kurudi Nice kwa makusudi, maana mwelekeo ndio siri yake. Asubuhi jua liko mashariki, na upande wa L'Escarène ambao unaupanda unatazama magharibi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlima bado iko kivulini. Ukishuka Sospel na kuanza kupanda Castillon, unapanda upande wa kaskazini, nao pia hauna jua kali. Jua linakupata waziwazi kwenye mteremko wa Menton tu, wakati upepo wa kushuka unakupoza. Anayeuzunguka kinyume hupanda kutoka Menton akichomwa mgongoni, na ndiye ninayemkuta Sospel akiwa amemwaga chupa zote mbili kichwani. Urefu wote ni kati ya kilomita 90 na 100, na kwa mtu aliyezoea baiskeli ni kazi ya asubuhi na sehemu ya mchana.

Mwelekeo huo una gharama moja, na sitaificha. Ufaransa huendesha upande wa kulia. Ukirudi kutoka Menton kuelekea magharibi, bahari iko kushoto kwako, ng'ambo ya magari yanayokuja, nawe uko upande wa mlima. Kwa mtu aliyekulia Kenya, Tanzania au Uganda, ambako tunaendesha kushoto, namsihi azingatie jambo hilo hasa kwenye mizunguko ya barabara pale Monaco na Beaulieu, kwa kuwa uchovu hurudisha mazoea ya utotoni, na macho hutazama upande usio sahihi. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Milimani madereva wengi huiheshimu. Kwenye barabara ya chini, saa za kutoka kazini, usiitegemee.

Kwa aliyechoka na chumvi na historia, akitaka mlima mtupu, upo Col de la Madone de Gorbio. Unapanda kutoka Menton, karibu kabisa na usawa wa bahari, hadi mita 927 katika kilomita 13 au 14, na wastani wake unakaribia asilimia 7. Mwanzoni unapita chini ya nguzo ndefu za barabara kuu ya magari inayoelekea Italia, na kelele zake hukufuata kwa muda. Halafu zinazimika ghafla unapozunguka bega la mlima. Upande wako mmoja, juu kabisa ya jabali, kimekaa kijiji cha Sainte-Agnès, ambacho ndani ya mwamba wake Wafaransa walichimba ngome katika miaka ya 1930 kuulinda mpaka. Baada ya hapo barabara inakuwa nyembamba, miti inapungua, na chokaa nyeupe inaakisi jua usoni. Wakati wa kiangazi sipandi huku baada ya saa tatu asubuhi.

Madone haijawahi kuwa kivutio cha watalii, lakini wapanda baiskeli wa kulipwa wanaoishi Monaco na Nice huitumia kupima nguvu zao kabla ya mashindano makubwa. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, mshindi wa Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017, ambaye alizaliwa Nairobi na kuanza kuendesha baiskeli kwa bidii pamoja na mwendesha baiskeli David Kinjah na vijana aliowafundisha huko Kikuyu. Huwa namkumbuka Kinjah hapa kuliko ninavyomkumbuka Froome. Barabara za vilima vya Kikuyu hazina bamba la kukuambia mwinuko wa kilomita ijayo, tofauti na barabara nyingi za milima ya mkoa huu, zenye vibao vya waendesha baiskeli kila kilomita. Huko mwalimu alikuwa mtu aliyekuwa mbele yako, ukimfuata gurudumu mpaka pumzi ikatike.

Kutoka kilele cha Madone usirudi ulikotoka. Shuka upande wa pili hadi Peille, kijiji kilichobandikwa kwenye genge, kisha ufuate barabara inayokwenda La Turbie. Kipande hicho, chenye vichaka vifupi na mwamba upande mmoja na bonde upande mwingine, kina magari machache mno, na mwisho wake mnara wa Augusto unatokea mbele yako na bahari nyuma ya mnara. Hapo unaingia Grande Corniche, unapita Col d'Èze, na kushuka Nice. Kama nina asubuhi moja tu, hiyo ndiyo njia ninayoichagua: treni ya mkoa kwenda Menton, ambayo inapokea baiskeli, kisha Madone, Peille, La Turbie, Èze, nyumbani.

Col d'Èze si mlima mrefu, kilomita 9 na nusu hivi kutoka Nice, lakini mashindano ya Paris–Nice, yaliyoanza mwaka 1933, yameufanya uheshimike. Kuanzia mwaka 1969 kwa miaka mingi siku ya mwisho ilikuwa mbio dhidi ya saa kupanda mlima huu, kila mtu peke yake. Mwaka 1972 Eddy Merckx, aliyekuwa ameshinda mara tatu mfululizo, alianza siku hiyo akiwa anaongoza. Raymond Poulidor, mwenye umri wa miaka 35, alimzidi kwa sekunde 22 kwenye kupanda na kushinda mashindano yote kwa sekunde 6. Sean Kelly wa Ireland alikuja kushinda Paris–Nice mara saba mfululizo, kutoka 1982 hadi 1988. Unapopanda barabara hiyo hiyo ukiona bahari ikipanuka chini yako kila unapozunguka kona, sekunde 6 hukoma kuwa tarakimu: ni kona moja uliyoichukua kwa hofu, ni gia moja uliyochelewa kuibadilisha.

Tarehe 21 Julai 2024 Tour de France, ambayo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1903 haikumalizikia Paris wala kandokando yake kwa sababu mji huo ulikuwa ukijiandaa na Olimpiki, ilimalizikia Nice. Ilikuwa mbio dhidi ya saa ya kilomita 33.7 kutoka Monaco, kupitia La Turbie na Col d'Èze, na Tadej Pogačar ndiye aliyeshinda. Nilisimama kwenye mpando wa La Turbie kati ya watu waliokuwa wamekuja na viti na miavuli tangu alfajiri. Wengi walimsubiri Pogačar. Mimi, pamoja na kundi kubwa la Waeritrea waliojifunga bendera, tulimsubiri Biniam Girmay. Alikuwa ameshinda hatua tatu katika Tour ile, ya kwanza kule Torino, Mwafrika Mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, na siku ile jezi ya kijani ya pointi ilikuwa yake. Alipotokea kwenye kona, kelele zilizopigwa kwa Kitigrinya zilimeza kila kengele na kila honi. Sikuelewa neno hata moja, na nililia kama mtu aliyeelewa yote. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, kwenye vilima ambavyo mtu aliyezoea Èze na Madone asingeviona vigeni.

Wanaotafuta urefu zaidi hupanda Col de Turini, mita 1,607, inayojulikana zaidi kwa magari ya Monte Carlo Rally. Kutoka Sospel ni kilomita 24, na nusu ya kwanza inapita kwenye korongo la mto Bévéra, chini ya kikanisa cha Notre-Dame de la Menour kilichojengwa juu ya mwamba, kabla ya kufika Moulinet na kuingia msituni. Ni mpando wa uvumilivu, wenye kivuli, na kileleni hewa ni ya nchi nyingine kabisa. Beba koti jepesi hata mwezi wa Julai, kwa sababu jasho ulilopanda nalo hugeuka barafu kifuani unaposhuka.

Milima hii ina upande wake wa kutisha, na mwendesha baiskeli anapaswa kuuheshimu. Tarehe 2 Oktoba 2020 Dhoruba Alex ilimwaga karibu milimita 500 za mvua kwa siku moja huko Saint-Martin-Vésubie. Mito ya Vésubie na Roya ilifumuka, ikachukua nyumba, madaraja na vipande vizima vya barabara, na watu walipoteza maisha. Ujenzi uliendelea kwa miaka. Mpaka leo ukipita kwenye mabonde hayo unaona kingo za mto zikiwa zimekwanguliwa mpaka mwamba, na lami mpya iliyoungana na ya zamani kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo, kabla ya safari yoyote ya Vésubie au Roya angalia taarifa za barabara, na mvua kubwa ya vuli ikitangazwa, baki nyumbani. Siku za kawaida hatari ni ndogo lakini haikosekani: vijiwe vilivyodondoka usiku kutoka kwenye genge hukaa kwenye kona za ndani, hasa zile zisizoona jua. Funga breki kabla ya kona, si ndani yake. Mikono ikae sehemu ya chini ya usukani. Tazama unakotaka kwenda. Na kabla hujashuka, bana breki ukiwa umesimama, uone kama bado zinashika vizuri.

Upande wa magharibi wa Nice sitauzungumzia sana, si kwa kuwa hauna uzuri, bali kwa sababu njia zake huanza kwa kukatiza miji iliyosongamana. Unaostahili usumbufu huo ni mzunguko wa Col de Vence, takriban mita 960, ambao baada ya mji wa Vence hukuingiza kwenye uwanda wa mawe matupu, kisha Coursegoules na Gréolières, na kurudi kwa kushuka korongo la mto Loup, lenye mahandaki mafupi na maporomoko ya maji, hadi Pont-du-Loup. Hapo zinaonekana nguzo zilizokatika za daraja la reli lililolipuliwa na Wajerumani mwaka 1944.

Kuhusu majira, Januari mchana joto la Nice ni kama nyuzi 13, na ndiyo sababu timu za kulipwa huja huku wakati kaskazini mwa Ulaya kumeganda. Miezi ninayoiona bora ni Aprili, Mei na Septemba, kisha sehemu ya mwanzo ya Oktoba kabla ya mvua. Agosti niachie: barabara za pwani zinajaa hadi baiskeli yenyewe inakwama.

Ipo sehemu moja ambako kanuni yangu ya milima kwanza haifanyi kazi, kwa kuwa hapo mlima na bahari ni kitu kimoja. Ni Corniche d'Or ya Estérel, kati ya Saint-Raphaël na Cannes, iliyofunguliwa mwaka 1903 kwa juhudi za Touring Club de France. Mwamba wa huko si chokaa nyeupe bali ni mwekundu, unaotumbukia moja kwa moja kwenye maji ya buluu, na barabara hupanda na kushuka pembeni yake kwa kilomita karibu 40 bila kufika juu sana wala kutulia. Inapita Dramont, ambako wanajeshi wa Marekani walitua tarehe 15 Agosti 1944, kisha Agay na ghuba yake ya mviringo, Anthéor na daraja lake la reli lililosimama karibu na mchanga, Le Trayas, na Théoule. Panda treni ya asubuhi na mapema hadi Saint-Raphaël, uanzie huko kuelekea mashariki. Kwa mwelekeo huo bahari inakuwa kulia kwako, upande wako wa barabara, bila gari katikati. Jua litakuwa usoni, kwa hiyo miwani ni ya lazima, na taa ya nyuma iwake kwa sababu dereva anayekuja nyuma yako naye anaangaliana na jua hilo hilo. Saa mbili asubuhi, nje ya likizo, wengi utakaokutana nao ni wavuvi na waendesha baiskeli wenzako, na Cannes utafika wakati mikahawa inapanga viti.